Anakula kitimoto kwangu kila Jumapili, lakini kunipangisha nyumba hataki: eti kazi yangu haieleweki

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mnaosoma kwa kuibia mkiwa kazini, mliokwama kwenye foleni, na nyie wenye nyumba mnaopitaga humu kimyakimya bila kukomenti, leo nawasalimu kipekee.

Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, mwaka huu huu. Sijaongeza chumvi, chumvi yangu naiweka kwenye nyama. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu baadhi yenu ni wateja wangu na nataka muendelee kuja.

Kwanza mnijue.

Mie ni kijana, thelathini bado inanisubiri mbele. Nina digrii ya sosholojia na nauza kitimoto, nyama ya nguruwe ya kuchoma, Tegeta, mwaka wa nne sasa. Mbuzi katoliki, mkuu wa meza, iteni mnavyotaka.

Watu wakisikia digrii na kitimoto kwenye sentensi moja wananionea huruma. Jamani, acheni. Nimewahi kujitolea kwenye ofisi moja, kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti ambazo hakuna mtu aliyezisoma. Nyama yangu inaliwa.

Sasa ishu yenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka mke wangu, tumwite Neema, alikuwa na mimba kubwa. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Boko, choo cha kushea, maisha safi tu. Lakini ni mimba ya kwanza, na kwao Njombe mimba ya kwanza mama mzazi lazima aje amlee mwanawe. Mama mkwe alishafunga mizigo.

Hapo ndipo penye shida. Mama mkwe na mkwe hawalali chumba kimoja. Pazia halisaidii. Mama mkwe akipita kibarazani mie nainuka na kumpisha, sembuse anikute naamka na bukta! Kwa hiyo ama tupate nyumba ya vyumba viwili kabla mtoto hajazaliwa, ama mama asije, na Neema auguzwe na mwanaume asiyejua hata maji ya kumkanda mzazi yanatakiwa yawe ya moto kiasi gani.

Hela ya kodi ilikuwepo. Naliweka wazi hili mapema, maana najua nusu ya komenti zitakuwa "tafuta hela kijana". Ilikuwepo, ya miezi sita, kama wenye nyumba wa mji huu wanavyotaka.

Nikamtafuta dalali mmoja wa Boko, anaitwa Chidi. Mrefu, mwembamba, simu mbili, maneno mengi. Akanipeleka nyumba ya kwanza kwa Bi Salma, mama wa Kiarabu, ukoo wao una duka la vifaa vya ujenzi tangu wengi wetu hatujazaliwa.

Nyumba nzuri. Vyumba viwili, choo ndani, maji ya kisima. Bi Salma mwenyewe akatukaribisha kahawa na kashata.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

Chidi akanikanyaga mguu. Nikajibu hivyo hivyo. "Nauza kitimoto, bibi. Tegeta."

Akaweka kikombe chini taratibu. Hakukasirika.

"Ahsante kwa kutonidanganya," akasema. "Wengine wangenidanganya. Lakini mwanangu, kodi ya nyumba hii ndiyo inayoingia kwenye sufuria yangu. Nawalisha wajukuu. Wewe sina neno nawe. Ile pesa ndiyo siiwezi."

Sasa mie nina ugonjwa wa kuuliza. Nikamwambia, "Naheshimu, bibi. Ila mpangaji wa pale mbele, Chidi kaniambia yupo benki. Na pesa ya riba je?"

Chidi akashika kichwa. Bi Salma akanitazama, halafu akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio.

"Una mdomo wewe! Haya, hilo nalo nitakwenda kuliuliza kwa wanaojua." Akaingia ndani, akarudi na tende kwenye mfuko. "Mpelekee mkeo. Mja mzito anapata nguvu."

Nyumba nikakosa, tende nikapata. Na nataka nieleweke: sina kinyongo na yule mama. Alinikatalia usoni, akatoa sababu yake, na sababu ile anaiishi mwenyewe, maana kitimoto hakili. Shikeni hapo, "hakili".

Njiani Chidi akanigeuzia kibao.

"Braza, wewe msomi lakini huna akili. Nani kakutuma useme ukweli? Sema uko Kurasini, unatoa mizigo bandarini. Huko hakuna mtu anayeuliza zaidi, wanaogopa kuonekana hawajui."

"Na nikinuka moshi?"

"Sema meli iliungua."

Nilicheka, lakini nyumba zilizofuata ndiyo zilinifuta tabasamu. Moja ya Bunju, nyingine kule juu Mbezi Beach, ya tatu hata ndani hatukuingia, tulihojiwa getini. Kote swali ni lile lile na jibu ni lile lile: tunataka mtu mwenye kazi ya kueleweka.

Nikamuuliza Chidi, hao wa kueleweka ni akina nani? Akaanza kunihesabia wasiotakiwa. Bodaboda hatakiwi, anarudi usiku. Dada wa baa hatakiwi, hilo mnalijua. Msanii wa singeli, usiseme. Kijana anayeshinda ndani na laptop, huyo wanasema ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikajua hapo tumemaliza. Kumbe bado! Askari hatakiwi, kumtoa ni kazi. Mwanasheria hatakiwi, atasoma mkataba. Mwandishi wa habari hatakiwi, atakuandika.

"Sasa anatakiwa nani?"

"Mwalimu wa serikali, ana mke, hana mtoto, hapiki dagaa."

Wakuu, tusimame hapa kidogo tutumie akili.

Mwenye nyumba anachukua kodi ya miezi sita mbele. Anaichukua kwa nini? Kwa sababu hataki kutegemea kama kesho nitakuwa na kazi au la. Sawa, nimempa. Sasa akishaishika mkononi, kazi yangu anaiulizia ya nini? Mwezi wa saba ndiyo tungejadili! Na huyo wa mshahara anayempenda ndiye anayeombaga alipe mwezi mwezi, na mshahara ukichelewa anapita chini ya dirisha la mwenye nyumba kwa kunyata. Nimeligeuza swali hili kila upande kama nyama ya kwenye jiko na sijaona upande ulioiva.

Nakubali kitu kimoja: nanuka moshi. Neema ananiambia kila siku. Mtu akisema "sitaki harufu", hiyo ni hoja, tuongee. Lakini wao hawasemi harufu. Wanasema haieleweki.

Basi, nikiwa nimechoka, nikamkumbuka Mzee Materu.

Mzee Materu ni mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa kutoka bara aliyejenga Bunju tangu enzi viwanja vilikuwa pori. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja kwangu na wenzake wawili, wamevaa suti zao, wanakaa meza ya pembeni. Kilo moja na nusu, ndizi, pilipili ya kutosha. Ananiita "kijana wangu". Nikichelewesha anasema, "Kijana wangu, unataka nife na imani yangu?"

Na ana nyumba ya uani, vyumba viwili, imekaa tupu.

Nikajiona mjinga. Mtu anayeijua kazi yangu yupo mbele yangu kila wiki, mie nazunguka na Chidi kutafuta uongo wa kuvaa! Nikamuuliza palepale mezani. Akasema, "Ipo, ipo! Mlete mama aione."

Tukaenda na Neema. Uani pana tofali za pevingi, pana mti wa mlimao, chumba cha pili kina dirisha linalotazama nje. Neema akasimama kwenye chumba kile akasema, "Mama atakaa hapa, mtoto tutamwogesha pale." Mzee akatupa mkono wa makubaliano. Kasema njooni Jumamosi tuandikishane.

Neema akampigia mama yake: Jumamosi panda gari.

Jumamosi tukafika. Mzee akatupokea barazani. Chai haikuletwa. Hapo ningejua.

"Hivi wewe," akaniuliza, "una mwajiri?"

Nikacheka, nikidhani ananitania.

"Sikutanii. Nina wapangaji wawili humu. Mmoja mhasibu, mwingine nesi. Watu wenye kazi za kueleweka. Sasa wakiniuliza huyu mpya anafanya nini, niseme nini?"

"Sema anauza kitimoto, mzee. Si unakijua?"

"Nakijua mimi." Akakuna kidevu. "Lakini kama kazi ya mpangaji, unajua... haieleweki."

"Mzee, shikamoo yangu ipo palepale. Ila kipi hakieleweki? Nanunua nguruwe, nachoma, watu wanakula, wanalipa. Wewe mwenyewe kila Jumapili unaelewa kilo na nusu."

Neema akanifinya. Ndani, nyuma ya pazia, mke wa mzee akakohoa.

"Unaona? Mdomo huo ndio ninaouogopa. Leta barua ya mwajiri, au mtu mwenye mshahara akudhamini. Bila hivyo, kijana wangu, nisije nikajaziwa walevi getini."

"Walevi gani, mzee? Wateja wangu ni nyie!"

Akainuka. Mazungumzo yakaishia hapo.

Tulitembea mpaka kwenye tofali za mtu anayejenga, Neema akakaa, kashika kiuno. Nilitegemea atamlaani mzee. Akanigeukia mie.

"Ungesema mjasiriamali. Neno moja tu. Au ungenyamaza."

"Ningenyamaza angenipa?"

"Sijui. Lakini wewe umeshinda maneno, baba. Sasa mama yangu atalala kwenye maneno?"

Nikamwinua, tukaendelea na safari.

Mama mkwe akafika, maana gari lilishatoka Njombe. Akalala na mwanawe kwenye kile chumba kimoja. Mie nikahamia stoo ya bandani kwangu, katikati ya magunia ya mkaa na makreti ya soda. Asubuhi napita nyumbani, nasimama nje, nasalimia kwa mbali, "Shikamoo mama," anajibu kutoka ndani, "Marahaba mwanangu, umelala wapi?" Namjibu nimelala salama. Ndiyo mkwe mwenye digrii huyo.

Jumapili ikafika. Nikajua Mzee Materu atapitia kwingine, walau wiki moja, kwa aibu.

Wakuu, alikuja! Na suti, na wenzake wawili, meza ile ile.

"Kijana wangu! Kilo moja na nusu, ndizi, na pilipili leo iwe kali."

Hana habari. Sikumwona hata akikwepa macho. Na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yale ya barazani. Nikagundua kwake hapakuwa na mgongano wowote: nyama iko huku, mchomaji wake yuko kule, havijuani.

Nikaosha mikono, nikaenda mezani.

"Karibuni wazee wangu, shikamooni. Kabla sijakata nyama, Mzee Materu, samahani. Hela ya leo inatoka wapi?"

Akacheka. "Inatoka mfukoni!"

"Mfukoni sawa. Nauliza chanzo. Siku hizi hapa tuna utaratibu. Meza zangu zinakaa watu wa kueleweka, sasa wakiniuliza huyu mzee anafanya nini, niseme nini? Nitaomba barua ya mwajiri."

"Mwajiri gani? Mimi mstaafu!"

"Basi mdhamini mwenye mshahara."

Meza za jirani zikageuka. Mmoja wa wenzake, mwalimu mstaafu, nitamwita Mwalimu Komba, akamgeukia: "Materu, umemfanya nini huyu mtoto?"

Kijana mmoja wa meza ya nyuma akapaza sauti, "Mzee onesha barua bwana, tunakufa njaa huku!" Banda zima likapasuka.

Mzee akasimama. Shingo imemvimba kwenye tai.

"Unanidhalilisha mbele za watu kwa ajili ya nyumba yangu mwenyewe? Nyumba yangu nampa nimtakaye!"

"Kweli kabisa, mzee. Na nyama yangu namchomea nimtakaye. Hatujavunja sheria hata mmoja wetu. Ila unaonaje, inaingia vizuri ukiulizwa wewe? Mke wangu alisimama kwako na tumbo lile, akaulizwa hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Kaa mzee wangu, nachoma." Na kweli ningechoma, sikutaka kumnyima, nilitaka aulizwe tu. Lakini alishachukua koti. Mwenzake mmoja akamfuata.

Mwalimu Komba akabaki. "Mimi njaa yangu haina upande," akasema. "Niletee nusu."

Alipomaliza kula akaniita. "Nimejiuliza hapa: ingekuwa nyumba yangu, ningekupa?" Akafikiri, akachokonoa meno. "Sijui, kijana. Kusema kweli sijui."

Nilimheshimu kwa hilo kuliko kama angeniongopea.

Msije mkadhani nilirudi shujaa. Kuna mtu alirekodi, ikazunguka kwenye magrupu ya Bunju na Boko. Wazee wa Jumapili wakapungua. Chidi akaacha kupokea simu, kasema nitamharibia jina kwa wenye nyumba. Neema alipoiona ile video aliniambia kitu kimoja tu, kwamba nimempa mzee sababu ya kusema alikuwa sahihi kunikataa. Hoja yake ina uzito. Mie bado nakataa, maana alinikataa kabla sijafungua mdomo wa aina hiyo. Lakini ina uzito.

Aliyetuokoa ni mama mkwe.

Yeye hajui habari za madalali. Alitoka na khanga zake mbili, akaenda gengeni kununua mboga, akaanza kuulizia nyumba kama anaulizia mchicha. Mwenye genge, mjane mmoja, alikuwa na vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, huko ndani Bunju ambako mchanga unameza tairi.

Neema alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mama mkwe alisema bila kupepesa: "Mkwe wangu anachoma nguruwe. Kwetu mwenye nguruwe ndiye anayesomesha watoto."

Yule mjane wala hakuinua kichwa, alikuwa anafunga mafungu ya nyanya. Akauliza, "Anapiga mke?"

"Hapigi."

"Geti anafunga akirudi?"

"Nitamwambia afunge."

"Basi mkaione."

Kuta hazijapigwa plasta. Dari hakuna, ukilala unahesabu mabati. Kutoka hapo mpaka kazini kwangu ni mwendo. Tulihamia siku mbili kabla uchungu haujaanza. Mtoto wa kike, mzima, ana mapafu kama spika ya singeli. Bibi yake anamwogesha kwenye chumba chake, mie nagonga mlango kwanza kama mgeni. Mambo yanakwenda.

Yule mjane hajui nina digrii. Hajaniuliza hilo nalo.

Nimejifunza nini? Chidi anasema ningedanganya ningekuwa nimekaa kwenye pevingi sasa hivi, chini ya mlimao. Ni kweli. Lakini ukishadanganya getini hujamaliza, umeanza. Kila nikirudi ningetakiwa kubadili nguo kabla ya kona ya mwisho. Binti yangu angejifunza kuongea, na sentensi ya kwanza ya kumfundisha ingekuwa baba yupo bandarini. Nimepiga hesabu hiyo, nimeona bora mabati.

Jingine: asiyekupangisha kwa imani yake, mwache na imani yake. Anayekula mkononi mwako halafu anakuona huna maana nje ya sahani, huyo usimwachie bila kumuuliza. Hata kama sauti itakutetemeka. Yangu ilitetemeka, kwenye video inasikika.

Wapangaji wenzangu, semeni nanyi. Wewe uliyenyimwa nyumba kwa sababu ya baa, ya boda, ya laptop, ya muziki, uliambiwaje na ulijibuje? Na mliodanganya, bado mnadanganya mpaka leo? Sitawahukumu, nataka tu kujua mnachoka saa ngapi.

Ila nyie wenye nyumba, leo msipite kimya. Nijibuni hili moja: mpangaji kakupa miezi sita mbele, hapigi mke, geti anafunga. Kipi kingine unataka kukielewa?

Niko jikoni nageuza nyama. Andikeni, nasoma zote, na matusi pia nayajibu.